Mwanga Waliousahau

Wifi yangu alinipigia simu nikiwa juu ya ngazi, na mtu akinipigia nikiwa juu ya ngazi huwa simjibu vizuri. Nilimwambia aseme upesi. Hakusema upesi. Alivuta pumzi kwanza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Wifi, njoo na vifaa vyako. Leo, kabla giza halijaingia."

Mimi na wifi yangu hatuongei hivyo. Yeye huniita bwana nyaya, mimi humwita mwizi wa kaka, na siku ikipita bila mmoja wetu kumchokoza mwenzake, ujue kuna mgonjwa. Siku ile hakunichokoza. Nikashuka ngazini.

Kazi yangu ni kufunga kamera za ulinzi majumbani. Kaka yangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, na akiondoka ameondoka. Nyumbani hubaki mkewe, fundi cherehani anayeshonea sebuleni, na binti yao wa pekee. Jina lake analo, lakini sote tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata akilala. Shangazi yake ni mimi, na mtu akitaka kunipata kwa urahisi amshike huyo mtoto.

Nilifika jua limeshainama. Wifi alikuwa ananisubiri getini, mikono imekumbatia mabega yake mwenyewe.

"Kuna mtu anaizunguka nyumba," alininong'oneza.

"Mwizi?"

"Mwizi hapapasi, wifi."

Akanieleza huku tunatembea. Giza likishaingia tu, hata chakula hakijaiva, inasikika mikono ukutani kwa nje. Viganja vinaburuzwa. Shhh... shhh... Inaanzia nyuma kwenye tangi la maji, inapita ukuta wa jikoni, inakata kona na kufuata baraza la mbele. Baraza lenyewe lina ukuta mfupi wa kufika kiunoni, kwa hiyo mikono huufuata ukuta huo na kuupita mlango bila kuugusa. Halafu inafika dirisha la Chiriku.

"Hapo ndipo hukaa," wifi alisema. "Vidole vinapita kwenye kioo, kwenye nondo, nondo moja baada ya nyingine. Taratibu. Kisha vinarudi vilikotoka."

"Umetoka kutazama?"

"Na tochi. Na taa ya nje nimeiwasha. Hakuna mtu. Na sauti inaendelea, wifi. Inapita hapa, mbele yangu, kwenye ukuta mtupu."

Nilimsikiliza, lakini sikumsadiki yote. Mtu aliyebaki na mtoto peke yake husikia mengi. Kichwani nilishamwona kijana fulani mpumbavu anayejua kujibanza tochi inapokuja, na niliahidi moyoni kumwaibisha.

Kamera walikuwa nayo moja, kaka aliinunua kwa mtu. Mchana ilionyesha vizuri. Usiku, uji mtupu. Nilipoipandia niliona sababu: vitaa vyake vidogo vya infraredi vilikuwa vimekufa, na buibui alikuwa ametandaza utando mbele ya kioo. Kamera haioni gizani kwa miujiza. Huwa na mwanga wake, mwanga ambao jicho la mtu haliuoni lakini kamera huuona. Ule ukifa, kamera ni kipofu kama sisi.

Nikatoa taa zangu za infraredi za kufunga pembeni. Nilichagua aina isiyotoa hata kile kidoa chekundu kinachoonekana kwenye taa nyingine za namna hii, ili huyo kijana amulikwe asijue.

Chiriku alikuja kuichungulia moja niliyoijaribu sakafuni. "Shangazi, hii mbovu. Haiwaki."

"Inawaka. Wewe ndiye huoni."

"Naona. Mwalimu amesema macho yangu mazuri."

Nikamwambia alete rimoti ya televisheni. Nikafungua kamera ya simu yangu, nikamwambia aielekeze rimoti kwenye simu na kubonyeza. Kwenye skrini, ile punje iliyo mbele ya rimoti ikawaka zambarau. Akaitazama rimoti kwa macho yake, haina kitu. Akatazama simu, inawaka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Ni taa ya siri?"

"Ya siri. Na hizi zangu ni hiyo hiyo, ila kubwa."

Basi jioni nzima akawa anazunguka na rimoti, anamulika paka, anamulika sufuria, anamulika mgongo wangu nikiwa kwenye ngazi.

Nilianza na nguzo ya geti. Jirani wao, mama muuza mkaa, alikuwa anafunga magunia upande wa pili wa uzio. Aliinua uso mweusi kwa vumbi.

"Unaweka nini hapo?"

"Taa, mama."

"Taa wanazo. Mwacheni apapase, huchoka mwenyewe." Alikaza kamba ya gunia. "Hata kwangu alipapasa, wanangu walipokuwa wadogo. Walipokua akaacha."

Alisema hivyo kama mtu anayesimulia mbuzi wa jirani. Niliguna tu na kuendelea kukaza skrubu. Giza lilikuwa linanikimbiza.

Taa ya kwanza nikaifunga getini ikimulika uani. Ya pili pembeni mwa baraza, imulike mlango. Ya tatu nikaifunga kwenye nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, nikaielekeza dirisha la Chiriku moja kwa moja, maana wifi aliniomba pale dirishani pawe peupe kuliko kote. Waya mrefu mwembamba hufanya umeme uchoke njiani na taa ya mwisho inakuwa hafifu, kwa hiyo nilitumia waya mnene. Soketi iliyokuwa huru ilikuwa chumbani kwa Chiriku. Nikapitisha waya kwenye fremu ya dirisha lake, na chini ya kitanda nikaweka adapta pamoja na betri ya akiba, ili umeme ukikatika taa na kamera viendelee. Nilifunga kila unganisho kwa mkono wangu na nikalivuta kuhakikisha haling'oki.

"Kuanzia getini hadi mlangoni hadi dirishani," nilimwambia wifi nikijifuta jasho, "hakuna pa kujificha."

Alinishika mkono.

Giza likaingia. Taa zile zina kijicho kinachohisi giza, kikihisi zinajiwasha zenyewe. Nilisikia kile kimlio chao kidogo... tik... na uani hapakubadilika chochote. Weusi ule ule.

Tulikaa jikoni, wifi anakoroga chungu, mimi nimeegemeza simu kwenye kopo la chumvi nikitazama picha ya kamera. Ua mzima ulionekana mweupe, hata vibanio vya nguo vilionekana. Chiriku alikuwa chumbani kwake, mlango wazi, anamwimbia paka.

Shhh...

Mwiko wa wifi ulisimama.

Shhh... shhh...

Ilitokea kwenye tangi. Ilikuja ukuta wa jikoni, upande wa pili wa tofali nilizokuwa nimeegemea. Niliisikia mgongoni. Kiganja kikavu, kinaburuzwa, kinasimama, kinatafuta, kinaburuzwa tena. Na harufu ikapenya dirishani, harufu ya nguo iliyokaa miaka sandukuni. Nilimtafuta yule kijana wangu mpumbavu kichwani, sikumpata. Niliogopa. Sina sababu ya kuficha.

Sauti ikafika kona ya baraza, pale taa yangu ya pili ilipoanzia kumulika.

Ikakoma.

Tulingoja. Chungu kinachemka. Wifi akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike alitabasamu.

"Imekoma," alinong'ona. "Ameiogopa kamera yako, bwana nyaya."

Hata mimi nilishusha pumzi. Nikaichukua simu nimwone anavyokimbia.

Hakuwa anakimbia.

Kwenye kona ya baraza alisimama mwanamke. Mwembamba, amejifunga kitambaa mwili mzima, mikono ameinyoosha mbele kama anayetembea kwenye nyumba asiyoijua. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakung'aa. Kwenye mwanga wa infraredi macho ya paka hung'aa, ya mbwa hung'aa, hata ya mtu huwa na cheche. Yake yalikuwa matundu mawili.

Akashusha mikono.

Akavileta viganja vyake usoni, akavigeuza. Nyuma, mbele. Akatazama vidole, kimoja kimoja. Niliwaza, huyu hajaviona vidole vyake siku nyingi. Halafu akainua kichwa polepole, akaitazama taa yangu. Si kamera. Taa.

Macho yake yakawaka.

"Wifi," nilisema. "Anaona."

"Nani anaona?"

Mwanamke alikuwa ameshageuka. Aliuona ukuta mfupi aliokuwa akiufuata kila siku, akaona unapoishia. Akapita pale. Akapanda baraza. Hakupapasa kitu. Akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye kitasa, kama mtu anayerudi kwake.

Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Ilikuwa jioni bado, nani hufunga kwa ufunguo jioni?

Bawaba ikalia.

Taa ya sebuleni ilikuwa imewaka. Nilichungulia kutoka mlango wa jikoni, naapa, nikaona mlango wa mbele ukifunguka wote na hapakuwa na mtu. Zulia likabonyea. Likabonyea tena, mbele kidogo. Nyayo zilikuwa zinakuja ukumbini, hazisiti, hazigusi ukuta.

Na hapo nikaelewa. Ukumbi ule hauna taa yangu. Lakini mwisho wa ukumbi ni chumba cha Chiriku, mlango wazi, na dirishani pake nilikuwa nimepamulika pawe peupe kuliko kote. Kwetu kilikuwa chumba cha kawaida chenye mtoto anayeimba. Kwake kilikuwa mlango uliofurika mwanga.

Nilimsukuma wifi. "Mchukue mtoto!"

Alikimbia. Mimi nikafanya upumbavu wangu, nikazima swichi kuu ya umeme iliyokuwa ubavuni pangu. Nyumba nzima ikazama gizani. Wimbo wa Chiriku ukakatika.

Nyayo hazikukatika.

Simu ilikuwa bado mkononi, na kwenye skrini ua ulikuwa mweupe vile vile. Betri ya akiba. Ile niliyoifunga vizuri kwa mkono wangu.

Nilikimbia nikiwa na ile harufu kisogoni. Nilijitupa chini ya kitanda, nikapapasa mimi sasa, vumbi, kiatu, paka akanikwaruza, adapta... waya. Nikavuta. Haukung'oka. Kazi nzuri haichagui rafiki wala adui, nililia kwa hasira, nikakanyaga betri kwa mguu na kuvuta kwa mikono miwili mpaka kitu kikakatika.

Nyayo zikasimama mlangoni.

Nilimsikia wifi akihema pembeni, amemfunika Chiriku kwa shuka na kumbana kifuani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake mtoto yule alikuwa kimya.

Kisha, kwenye fremu ya mlango, ndani ya nyumba...

Shhh...

Alikuwa amepoteza mwanga. Alianza kufuata ukuta wa kulia. Kabati. Nguo zilizoning'inia. Nilimshika wifi begani, tukaanza kusogea ukuta wa kushoto, kisigino baada ya kisigino. Tulikuwa tumeshafika mlangoni, wifi ameshatoka, mimi nikiwa nyuma yake.

Kiganja kikatua usoni pangu.

Kikavu. Chepesi. Kilipita kwenye paji, kikashuka puani, mdomoni. Kilishuka shingoni, begani, kikapanda tena juu ya kichwa changu na kukaa hapo. Kilikuwa kinapima kimo changu. Sikuhema. Kikangoja kidogo, kisha kikaniacha, kama unavyoliacha vazi dukani ukishajua si saizi yako.

Tulilala kwa mama muuza mkaa. Hakuuliza kitu, alifungua tu mlango na kututandikia. Chiriku aliposinzia, mama yule alikaa na sisi karibu na kibatari, akaongea kwa kunong'ona.

"Ni wa zamani. Ndugu wa mumewe walimfunga macho kwa apizo ili asimpate mtoto wake. Wengine husema alikuwa mchawi, alitaka kumtoa mtoto kwa wenzake. Wengine husema alikuwa mama tu, na wao ndio waliokuwa wachawi. Mimi sikuwepo."

"Na mtoto?" wifi aliuliza.

"Walimpeleka mbali. Yeye anatafuta bado, na mtoto yeyote wa kimo kile anamfaa." Alipunguza utambi. "Aliyemfunga alitaja kila mwanga, mmoja mmoja. Jua, mwezi, nyota, moto, taa, radi. Akiwa hai asione, akifa asione. Hakusahau hata mmoja."

Aliniangalia.

"Au kuna mwingine?"

Nilitazama mikono yangu.

Kaka aliporudi safarini alihamisha vitu vyote, akabishana na mwenye nyumba, akaondoka tena barabarani akiwa na uso wa mtu asiyelala. Wifi na Chiriku wako kwangu. Nina vyumba viwili na ukuta mmoja unaotazama uchochoro. Kamera yangu ya mlangoni nimeiuza. Simu yangu ile inayonitambua kwa uso nimeitoa, kwa sababu nayo humulika uso kwa mwanga huo huo, ninajua. Kazi za kamera nimeziacha, sasa natandaza nyaya za taa za kawaida tu, na mafundi wenzangu wananicheka. Wacheke.

Alitufuata. Hilo nilikuwa nalitegemea. Mwanzoni mvua ilipokatika jioni moja tulimsikia uchochoroni, shhh... shhh... na wifi akaangusha mkasi. Lakini ukuta ule ni mrefu na mlango uko upande mwingine kabisa. Anapapasa, anachoka, anaondoka. Tukaanza kumzoea, Mungu atusamehe. Akianza tunapandisha sauti ya redio. Wifi amerudia hata kuniita bwana nyaya. Chiriku anakua, kila mwezi namsimamisha mlangoni na kuweka alama ya kimo chake kwa penseli, naomba arefuke upesi.

Jana jioni wifi alikuwa kwenye cherehani, mimi napiga pasi. Sauti ilikuwa ukutani kama kawaida, karibu na dirisha la uchochoroni. Chiriku alikuwa amepanda kiti hapo dirishani, ametugeuzia mgongo, amenyamaza. Ukimya wake ndio ulionifanya niinue macho.

"Chiriku, unafanya nini hapo?"

"Namsaidia, shangazi."

"Unamsaidia nani?"

Aligeuka kidogo. Mkononi alikuwa na rimoti ya televisheni, ameielekeza nje kwenye giza, na kidole chake gumba kilikuwa kimekandamiza kitufe.

"Huyu anayepapasa," alisema. "Masikini, haoni. Namwashia taa ya siri."

Cherehani ya wifi ikasimama. Tulisikiliza sote watatu.

Kupapasa kulikuwa kumekoma.